Mti Uliopukutisha Majani

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Ayubu 14:7-9; Yeremia 15:18; 17:5-8; 1 Wafalme 19:1-8; Zaburi 63; Kutoka 25:10; Mathayo 13:5, 6, 20, 21; Isaya 53:2; Luka 13:6-9.

Fungu la Kukariri: Ayubu 14:7-9. Lisome katika Biblia yako, kisha umweleze mtu mmoja wa nyumbani, kwa maneno yako mwenyewe, Ayubu anasema nini juu ya mti uliokatwa na harufu ya maji.

Panda treni ya Reli ya Kati mwezi wa Septemba, ukitoka Manyoni kwenda Tabora, na uangalie nje unapokaribia Itigi. Utaona kichaka kizito chenye urefu wa mita 3 hadi 5 hivi, kimesongamana kiasi kwamba ng'ombe akiingia humo mchungaji hupata kazi kumtoa. Chote ni kijivu. Hakuna jani. Abiria asiyeijua nchi hii atadhani moto umepita. Arudi hapo hapo mwezi wa Januari, hataweza kuona udongo kwa wingi wa majani.

Wataalamu wa mimea duniani hukiita kichaka hiki kwa jina la Itigi, kwa sababu uoto wa namna hii hupatikana hapa kwetu na katika sehemu ndogo ya kaskazini mwa Zambia tu. Miti yake haina maji ya kunywa kwa miezi mingi. Kwa hiyo huachilia majani yote, hunyamaza, na kungoja.

Sisi tunaokaa Mandewa tunaijua hali hiyo bila kupanda treni. Mkoa wa Singida hupata mvua ya kawaida ya milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, tena kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni jua na upepo. Juma hili tutaitazama mimea inayoishi katika ukame, ya kwetu na ile ya nchi ya Biblia, tukiwa na swali moja mkononi: Je, aliyepukutisha majani amekufa? Na ni nani mwenye haki ya kutangaza hivyo?

JUMAPILI: Nchi ya Chumvi

Soma Yeremia 17:5-8. Ni watu gani wawili wanaolinganishwa hapa? Ni nini kinachowapata wote wawili?

Nabii anatuonyesha mimea miwili. Mmoja uko jangwani, katika nchi ya chumvi isiyokaliwa na watu. Mwingine umepandwa kando ya maji na kueneza mizizi yake mtoni. Katika Biblia yetu ya Union, mstari wa 6 unamtaja fukara nyikani, lakini neno la Kiebrania lililopo pale, ar'ar, wengi wamelielewa kuwa ni kichaka cha jangwani. Ukilisoma hivyo, picha inakamilika: kichaka upande huu, mti upande ule.

Nchi ya chumvi si kitu kigeni kwetu. Maziwa ya Singidani na Kindai yapo hapa hapa mjini. Maji ni mengi, korongo wanapendeza, lakini hakuna anayechota ndoo pale akamwagilie mahindi yake. Sababu ni hii. Mzizi hunywa maji kwa kuwa ndani yake kuna chumvichumvi nyingi kuliko katika udongo, na maji huvutwa kwenda penye chumvi zaidi. Udongo ukizidi mzizi kwa chumvi, mambo hugeuka: maji hukataa kuingia. Mmea unaweza kufa kwa kiu huku umesimama majini. Yeremia alisema zaidi ya tunavyodhani. Anayemfanya mwanadamu kuwa kinga yake hakosi kitu cha kunywa. Amezungukwa na kitu kisichoweza kumwingia.

Lakini angalia neno moja ambalo watu huliruka. Hari inaufikia na ule mti mwema. Mwaka wa uchache wa mvua unaufikia pia. Nabii hakusema kwamba anayemtumaini Bwana atakaa penye baridi. Jua ni lile lile.

Hapa pana hatari, na ni vizuri darasa lizungumze juu yake wazi. Mtu anaweza kulichukua fungu hili na kulifanya fimbo: fulani amekauka, basi amelaaniwa. Sasa soma Yeremia 15:18. Ni nani anayesema maneno hayo, na anamwambia nani? Sura mbili tu kabla ya mti ulio kando ya mto, nabii mwenyewe anamwambia Mungu kwamba amekuwa kwake kama kijito kidanganyacho, maji yasiyodumu. Aliyetuandikia juu ya mti usiohangaika alikuwa amehangaika. Laana ya Yeremia 17 iko juu ya moyo uliomwacha Bwana. Haiko juu ya kila aliye mkavu.

Je, umewahi kumhukumu mtu kwa ukavu wake, na baadaye ukagundua kwamba hukujua mzizi wake ulipo?

JUMATATU: Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1-8. Eliya aliomba nini? Mungu alimjibu kwa nini, kwa maneno au kwa kitu kingine?

Mtu aliyeita moto kutoka mbinguni juu ya Karmeli sasa anakimbia. Amepita Beersheba, amemwacha mtumishi wake, ametembea mwendo wa siku moja jangwani, naye anaketi chini ya mretemu na kuomba afe.

Wengi wetu tumesoma neno hilo, mretemu, tangu utotoni bila kujua ni mti gani. Jina limetoka katika Kiebrania, rothem, na Waarabu wa jangwani huuita ratam hata leo. Ni kichaka cha nchi ya Sinai na Negebu. Majani yake ni madogo, na hudondoka mapema. Kazi ya kutengeneza chakula, ambayo kwa miti mingine hufanywa na majani, hufanywa na vijiti vyake vya kijani. Matundu ya kupitishia hewa yamefichwa ndani ya mifereji midogo ya vijiti hivyo, upepo usiyafikie. Mizizi yake huzama chini sana. Ukame ukizidi, mretemu huacha sehemu ya matawi yake ikauke ili shina na mzizi vipone.

Ukitaka kuuelewa mretemu bila kwenda Sinai, toka nje uangalie ua wa minyaa. Si jamii moja, lakini umbo linafanana: fimbo za kijani zilizosongamana, majani machache mno ambayo hudumu kwa muda mfupi. Mnyaa hauna shida na Oktoba. (Wazazi, waonyeni watoto kuhusu utomvu wake. Ukiingia machoni ni hatari kubwa.)

Kwa nini jani ndilo linalotupwa kwanza? Kwa sababu karibu maji yote yanayopanda kutoka mizizini hutokea kwenye majani na kwenda hewani. Jani ni mlango uliofunguliwa. Wakati wa mvua mlango huo huleta faida, kwa kuwa hewa ambayo mmea huitumia kutengeneza chakula hupitia hapo hapo. Wakati wa kiangazi mlango huo huo ungeua mti mzima. Mti unaopukutisha majani haujakata tamaa. Umefunga mlango.

Basi Mungu alimwongoza mtumishi wake aliyechoka mpaka akaketi chini ya kichaka kilichoishi kwa kuacha majani. Eliya hakuwa na majani siku ile. Hakuwa na wimbo wala ushuhuda, na hata hamu ya kuishi ilikuwa imemwisha. Kama tungekuwa na karatasi ya mahudhurio pale jangwani, tungeandika nini mbele ya jina lake?

Malaika hakuandika kitu. Alimgusa. Akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akaja mara ya pili. Hakuna karipio katika mistari hiyo minane. Swali la Mungu, unafanya nini hapa, lilikuja baadaye, Horebu, baada ya mtu kula na kulala na kutembea siku 40. Zaburi 120:4 inataja makaa ya mretemu, ambayo yalijulikana kwa kukaa na moto muda mrefu. Biblia haisemi mkate ule uliokwa kwa kuni gani. Mimi hupenda kufikiri kwamba zilikuwa matawi makavu ya kichaka kile kile.

JUMANNE: Kazi ya Usiku

Soma Zaburi 63:1-8. Daudi alikuwa wapi alipoimba zaburi hii? Alikuwa akimtafakari Mungu saa ngapi?

Mkonge ulifika nchini kwetu mwaka 1893. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, nayo asili yake ilikuwa Mexico. Safari ilikuwa ndefu. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yote makubwa ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalianza na hiyo 62.

Uliwezaje kuvumilia? Mkonge hufanya kinyume cha mahindi. Mahindi hufungua matundu ya majani mchana, wakati jua linawaka, hivyo hupoteza maji mengi. Mkonge hufunga matundu yake mchana kutwa na kuyafungua usiku, hewa inapokuwa baridi. Usiku huvuta hewa inayohitaji na kuihifadhi ndani ya majani mpaka asubuhi. Jua linapotoka, milango imefungwa, nao hutumia kile kilichowekwa akiba gizani. Mananasi hufanya hivyo. Vijiti vya mnyaa pia. Mtu akipita mchana ataona mmea uliosimama tu, hauna habari. Kazi ilifanyika yeye akiwa amelala.

Kichwa cha Zaburi 63 kinasema Daudi alikuwa jangwani mwa Yuda. Katika mstari wa kwanza analalamika juu ya nchi kame na uchovu isiyo na maji, na katika mstari wa 6 tunamkuta kitandani, katika makesha ya usiku, akimkumbuka Mungu. Mchana alikuwa mkimbizi. Usiku alikuwa anakusanya.

Kuna ndugu ambao mchana wao wote ni jua. Mama anayeuza mboga sokoni tangu saa kumi na mbili asubuhi, mlinzi wa usiku, mwuguzi wa zamu ya hospitali ya rufaa hapa Mandewa. Tukiwauliza walisoma lesoni saa ngapi, jibu linaweza kutuaibisha sisi tunaojisifu kwa Kesha la Asubuhi. Usiulize tu kama mtu anaonekana akisoma.

JUMATANO: Mzizi Kwanza

Soma Mathayo 13:5, 6, 20, 21. Jua lilifanya nini kwa mbegu iliyoanguka penye mwamba? Je, jua ndilo lililokosea?

Mawe makubwa ya Singida kila mtu anayajua, na mkulima anajua udongo uliolala juu ya jiwe. Mbegu huota hapo mapema kuliko mahali pengine, kwa sababu jiwe hutunza joto na maji ya mvua ya kwanza hayaendi mbali. Juma la kwanza ndilo shamba zuri kuliko yote. Yesu alikuwa anasema jambo ambalo wasikilizaji wake walikuwa wamelikanyaga.

Mche wa mgunga hufanya kinyume. Ukiuona umechomoza kidogo tu juu ya ardhi, chini tayari umeshusha mzizi mrefu mara nyingi kuliko shina. Anayeung'oa akidhani ni jani tu hushangaa. Katika jangwa la Kalahari, wachimba kisima waliwahi kukuta mizizi ya mti mdogo wa jamii ya Boscia kwenye kina cha mita 68. Juu ni mti ambao mbuzi wanaufikia. Chini ni urefu wa jengo la ghorofa 20.

Mbuyu nao una njia yake. Watu husema shina lile nene ni tangi la kunywea wakati wa kiangazi. Uchunguzi uliofanywa kwa mibuyu unaonyesha kwamba mti huyatunza sana maji hayo, na huyatumia hasa mwishoni, kusukuma majani mapya kabla mvua ya kwanza haijanyesha. Unatoa majani wakati mbingu bado ni nyeupe.

Mgunga ule unaotandaza matawi kama mwavuli, ambao wataalamu huuita Vachellia tortilis, hauoti kwetu tu. Unaota pia Sinai na katika bonde la Araba. Ndiyo maana wengi wanaona kwamba mti wa mshita wa Kutoka 25:10 ulikuwa huo au ndugu yake wa karibu. Fikiri jambo hilo. Mungu alipotaka sanduku la agano, Israeli hawakuwa Lebanoni penye mierezi. Walikuwa jangwani, na mti uliokuwapo ulikuwa wenye miiba, uliokulia penye kiu. Miiba iliingia duniani kwa dhambi (Mwanzo 3:18). Hata hivyo Mungu aliuchukua mti wa miiba, akauagiza ufunikwe dhahabu, akaweka juu yake kiti cha rehema.

Na Isaya 53:2 inamweleza Masihi kwa picha gani? Mzizi katika nchi kavu. Hakuwa na umbo la kuwavuta watu.

ALHAMISI: Nani Amemkwangua?

Soma Luka 13:6-9. Mwenye shamba alisema nini? Mtunza shamba aliomba nini, na aliahidi kufanya nini yeye mwenyewe?

Niruhusuni nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe nililifanya vibaya.

Mwaka mmoja mvua ilianza vizuri, alizeti zikapendeza, kisha Februari mbingu zikafunga. Kila mkulima wa Singida anakijua kiangazi kile cha katikati ya msimu. Kikipita siku chache, mtama hukunja majani, husimamisha kukua, na mvua ikirudi huendelea. Alizeti iliyokuta kiangazi ikiwa katika maua haisubiri. Kikaendelea kwa majuma. Ndugu mmoja wa darasa letu alikuwa amelima ekari nyingi kuliko uwezo wake, kwa fedha za kukopa. Alivuna magunia mawili.

Kuanzia Mei hakuonekana kanisani. Katika kadi ya darasa tuliweka alama ya kutokuwepo Sabato baada ya Sabato, na mwalimu wa darasa alikuwa mimi. Oktoba jina lake lilifika mezani kwa baraza la kanisa, pamoja na mengine mawili. Taarifa niliiandika mimi, kwa mkono wangu: amerudi nyuma, haonyeshi dalili ya kujuta.

Kabla hatujaendelea, shemasi mmoja mama mzee, ambaye kwa kawaida huwa hasemi sana, aliinua mkono. Akaniambia, "Mwanangu, nani amemkwangua?"

Hatukumwelewa. Akatueleza kwamba alipokuwa binti, walipotumwa kuni mwezi kama ule, mama yake aliwakataza kukata mti kwa kuutazama tu. Miti yote ilikuwa mikavu machoni. Unakwenda karibu, unakwangua ganda kwa ukucha. Ukikuta rangi ya kahawia, kata. Ukikuta kijani, uache, hata kama nyumbani hakuna moto. "Sasa huyu," akasema, "nani amekwenda kwake?"

Hakuna aliyekuwa amekwenda. Majina yakaahirishwa.

Jumapili yake mimi na yule mama tukaenda. Nyumba haikuwa mbali. Hilo nalo liliniuma. Tulimkuta akitengeneza ua wa minyaa. Akamwamkia mama, "Shikamoo mama," akaninyoshea mkono, na macho yake yakaenda chini. Tukakaa kwenye mkeka. Mama hakuuliza habari za kanisa. Alifungua kitenge chake akatoa viazi vitamu vilivyochemshwa, akawaita watoto. Mtoto wa pili, wa miaka kama sita, alipomaliza kula aliombwa aimbe, naye badala ya kuimba akasema fungu la kukariri la juma lile. La juma lile lile, si la zamani. Nikamwuliza ni nani anayemfundisha. "Baba. Tunasali Sabato chumbani."

Hawakuwa na lesoni. Alikuwa akiazima ya jirani Ijumaa jioni na kunakili fungu kwenye daftari la shule.

Nikamwuliza, "Sasa ndugu yangu, kwa nini huji?" Akakaa kimya muda mrefu. Yule mama akanitazama mimi, si yeye. Ndipo nikaelewa. Miongoni mwa watu waliomkopesha fedha za mbegu, mmoja nilikuwa mimi. Nilimwambia mwezi wa Aprili, mbele ya watu, nje ya lango la kanisa, kwamba Mkristo hulipa. Angekujaje kukaa kwenye benchi moja nami, nikimfundisha juu ya neema?

Kijani kilikuwepo muda wote. Aliyefunga mvua alikuwa karibu kuliko mbingu.

Habari za deni tulizimaliza kati yetu, na si za kuandikwa hapa. Alirudi Desemba, akakaa nyuma kabisa, na kwa Sabato nyingi alikuwa akiondoka kabla ya kusalimiana. Sikumlaumu. Jani la kwanza huwa dogo.

Ni lazima niseme na upande wa pili, nisije nikawadanganya. Tulikwenda pia kwa wale wawili wengine. Mmoja alikuwa amehama. Mwingine alitupokea vizuri, akatupa chai, akatuambia kwa upole kwamba hataki tena, naye alimaanisha. Si kila mti uliokauka una kijani chini ya ganda. Mtunza shamba wa Luka 13 alilijua hilo, maana hakuahidi kwamba mtini ungezaa. Alichoahidi ni kazi yake: atapalilia kuuzunguka, atatia samadi. Aliomba mwaka mmoja, na mwaka huo alikusudia kuutumia akiwa amepiga magoti na jembe.

Angalia pia kwamba Yesu hakutuambia mwisho. Hatujui kama mtini ule ulizaa.

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Katika kitabu cha Ellen G. White, Manabii na Wafalme, soma sura zinazoeleza safari ya Eliya kutoka Yezreeli hadi Horebu. Tazama jinsi mwandishi anavyokichukulia kipindi cha kukata tamaa katika maisha ya mtu wa Mungu, na anachosema juu ya namna ya kuwatendea waliovunjika moyo. Kisha rudi kwenye Ayubu 14:7-9 ukiwa na Eliya akilini. Ayubu naye aliyasema maneno hayo akiwa amekaa majivuni, hana watoto, hana mifugo, na rafiki watatu mbele yake wakieleza kwa ufasaha mkubwa kwa nini amekauka.

Maswali ya Kujadili:

1. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema neno (Ayubu 2:13), na pengine huo ndio uliokuwa wakati wao bora. Katika darasa lenu, ni nani anayejua kukaa kimya na mtu aliyechoka? Mnamtumiaje?

2. Yeremia 17 inasema mti mwema hauachi kuzaa matunda hata mwaka wa ukame. Tunalipatanishaje hilo na Eliya chini ya mretemu, au na Yeremia 15:18? Msikimbilie jibu. Wapeni nafasi wale ambao fungu hili liliwahi kuwaumiza.

3. Mkulima anayedai na mkulima anayedaiwa wakikaa darasa moja la Shule ya Sabato, kila mmoja ana wajibu gani kwa mwenzake kabla ya Sabato ijayo? Someni pia Mathayo 5:23, 24, mkiangalia ni nani anayeambiwa aondoke madhabahuni.

4. Chukueni kadi ya mahudhurio ya darasa lenu. Someni kwa sauti majina ya wasioonekana kwa miezi mitatu iliyopita, moja moja, na baada ya kila jina mtu mmoja aseme ni lini alifika nyumbani kwake mara ya mwisho. Mahali pasipo na jibu, mkubaliane ni nani atakwenda, na siku gani.